Rasiberi: jani ni dawa ya nini, tunda ni dawa ya nini, na kwa wajawazito ukweli ni upi (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu habari za wakati huu. Nimeona hili jambo niliandike kwa kirefu maana kila mada ya tiba za asili ikifunguliwa lazima atokee mtu aseme "kunywa rasiberi" halafu anapotea, hasemi ni jani au ni tunda, hasemi kiasi gani, hasemi nani asiguse kabisa. Na wanaouliza wengi ni akina mama wanaotarajia kujifungua, mtu ana hofu zake, anaambiwa kuna chai itamfanya azae kirahisi, kesho yake keshaanza vikombe juu ya vikombe na mimba ndo kwanza ina miezi miwili. Hiyo inaniuma kweli. Mwenye haraka aruke mpaka sehemu inayomhusu ila mjamzito nakuomba usome yote.

Tuanze na mmea wenyewe. Ndo ule wa matunda madogo mekundu (raspberry). Kitaalamu unaitwa Rubus idaeus, ni ukoo mmoja na waridi, tofaa na stroberi. Mizizi yake inaishi miaka na miaka lakini shina moja moja, kwa aina nyingi, lina maisha ya miaka 2 tu: mwaka wa kwanza linarefuka na kujaa majani, mwaka wa pili linatoa maua na matunda halafu linakauka na jingine linashika nafasi. Shina lina vimiiba vidogo vidogo. Jani limegawanyika vijani 3 mpaka 7, juu ni kijani, ukiligeuza chini ni jeupe lina vinyweleo laini, hiyo ndo alama nzuri ya kulitambua. Tunda nalo ukilichuma linachomoka na kukiacha kiini chake cheupe kwenye mti ndo maana linabaki na uwazi katikati, ndugu yake mweusi, blakiberi, yenyewe inatoka na kiini chake.

Sasa kitu cha kwanza mtu akishike: JANI NA TUNDA NI DAWA MBILI TOFAUTI. Watu wa zamani walilijua hili vizuri kuliko sisi wa kusoma vichwa vya habari. Jani lilikuwa la tumbo, koo, fizi na mambo ya wanawake. Tunda lilikuwa la homa, mafua, kiu ya mgonjwa. Mzizi na magome yake ulikuwa wa kuharisha na kikohozi kwenye baadhi ya jamii za wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, Wacheroki kwa mfano walikuwa wanatumia mizizi na majani ya hizi rasiberi za kule kwao.

Kwa nini jani linafanya kazi? Chukua jani bichi lililooshwa, litafune taratibu bila kumeza. Mwanzoni unapata ladha ya majani tu ya kawaida, halafu muda mfupi ulimi unaanza kukauka, mashavu kwa ndani yanajivuta, mate yanakuwa mazito. Huo ukakasi ndo dawa yenyewe. Ni tanini. Tanini zikikutana na protini zinashikana nazo, kwaiyo zikigusa ngozi laini ya mdomo, koo au utumbo ile ngozi ya juu inakaza kidogo, majimaji yanayovuja yanapungua, na palipochubuka panapata kama kifuniko. Hakuna muujiza. Ukilielewa hilo unaweza kutabiri mwenyewe jani litasaidia wapi na wapi halitasaidia, linasaidia pale linapoGUSA.

Mambo haya ni ya zamani mno. Daktari Mgiriki Dioscorides, karne ya 1, ameandika kuhusu huu mmea akiuhusisha na mlima Ida, na jina idaeus limetoka hukohuko. Yeye alisema ua lake lisagwe na asali lipakwe kwenye macho yenye uvimbe, na linywewe na maji kwa matatizo ya tumbo. La macho wakuu tuliache hukohuko kwenye historia, usiweke chochote cha jikoni kwenye jicho. Ila la tumbo limeendelea miaka elfu 2 mpaka leo.

Ntaendelea. Karibuni na maswali.

MamaKijacho

Mleta uzi asante sana, mimi ndo mlengwa, niko wiki ya 30. Nimeshaambiwa na watu tofauti tofauti kwamba majani ya rasiberi yanafungua njia na uchungu unakuwa mfupi. Wengine wanasema nianze sasa wengine wanasema ningeanza toka mwanzo. Nisaidie kaka au dada sijui nikuiteje, nichanganyikiwe mpaka lini.

Mleta uzi

Dada yangu hongera kwanza, na pole kwa mkanganyiko. Ngoja nikujibu vizuri maana hapa ndo kiini cha uzi wote.

Matumizi kwa wajawazito sio ya kuzuka jana. Kule Marekani alikuwepo mganga wa mitishamba Samuel Thomson, aliishi 1769 mpaka 1843, ndo mmoja wa waliolisambaza sana wazo la kumpa mwanamke mwenye uchungu chai ya majani ya rasiberi. Wakunga wakalishika, likaenda kizazi kwa kizazi. Mwaka 1999 ilichapishwa tafiti iliyowauliza wakunga wauguzi wa Marekani, wale waliosema wanatumia mitishamba kuamsha uchungu, asilimia 63 kati yao walisema wanatumia jani la rasiberi. Kwaiyo hatuzungumzii kitu cha watu wachache.

Sayansi nayo ilianza kuangalia mapema. Mwaka 1941 kule Uingereza watafiti Burn na Withell waliandika kwenye jarida la Lancet kwamba ndani ya majani haya kuna kitu kinacholegeza msuli wa mfuko wa uzazi, walijaribu kwa wanyama. Na waliona jambo la ajabu kwamba msuli ukiwa umekaza unalegea, ukiwa umelegea unakaza. Sasa mwaka 1970 watafiti wengine wakachukua vipande vya msuli wa kizazi vya panya na vya binadamu. Vya wanawake wasio na mimba havikuonyesha mabadiliko yoyote. Vya panya wenye mimba vilipunguza kujikunja. Lakini vipande kutoka kwa wanawake wenye mimba ya wiki 10 mpaka 16 VILIJIKUNJA. Soma tena hapo. Wiki 10 mpaka 16. Huyo anayekwambia ungeanza toka mwanzo wa mimba anakupeleka sehemu ambayo tunajua kabisa kwenye maabara msuli uliitikia kwa kukaza, na mimba changa haitaki hayo mambo.

Jaribio lililo bora zaidi tulilonalo kwa wanawake halisi lilifanyika Sydney, Australia, likachapishwa 2001. Wanawake 192, wote ndo wanazaa mara ya kwanza, wote wenye afya nzuri na mimba zisizo na hatari. Nusu walipewa vidonge vya jani la rasiberi gramu 1.2 mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya 32 mpaka uchungu, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu na wenyewe hawajui nani kapata kipi. Matokeo? Hatua ya kwanza ya uchungu, ile ndefu ya njia kufunguka, HAIKUFUPIKA. Hatua ya pili ya kusukuma mtoto ilikuwa fupi kwa wastani wa dakika 9.59. Waliovutiwa mtoto kwa koleo walikuwa asilimia 19.3 kwa waliokunywa jani na asilimia 30.4 kwa wasiokunywa. Watoto na mama hawakuonyesha madhara.

Sasa dada pima mwenyewe. Watu wanakwambia "uchungu utakuwa mfupi", mtu anawaza masaa kumi yatakuwa mawili, kumbe kilichoonekana ni kama dakika kumi upande wa kusukuma, kwenye jaribio moja la watu wasiofika 200. Na idadi hiyo ni ndogo mno kuona madhara ambayo yanatokea kwa nadra. Mimi siwezi kumlaumu mama anayeona dakika kumi za kusukuma ni kubwa, aliyewahi kusukuma anajua. Ninachokataa ni kuuziwa dakika kumi kwa bei ya masaa nane.

Upande wa tahadhari: mwaka 2009 watafiti waliwapa panya wenye mimba jani hili wakaona mimba zinachelewa kidogo kuisha na kuna mabadiliko kwa watoto waliozaliwa, ikiwemo kubalehe mapema. Panya sio binadamu sawa, na dozi zinatofautiana, ila sio taarifa ya kuitupa. Shirika la Dawa la Ulaya lenyewe linasema kwa wajawazito na wanaonyonyesha halishauri kwa sababu taarifa za usalama hazitoshi.

Kwaiyo jibu langu kwako: usianze leo kwa sababu ya uzi wangu wala wa mtu mwingine. Kliniki inayofuata mwambie mkunga wako wazi kabisa, "nataka kunywa chai ya jani la rasiberi, unasemaje kwa mimba yangu hii." Walioiruhusu kwa kawaida wanaanzia wiki ya 32 na kuendelea, kikombe kimoja kwanza. Na kama ulishazaa kwa upasuaji, una mapacha, mtoto amekaa vibaya, ulishawahi kupata uchungu kabla ya wakati, unatokwa damu, presha iko juu, basi hii kitu iache kabisa usiijaribu hata kidogo.

MamaKijacho

Ubarikiwe. Kumbe hata hizo wiki nilizokuwa naambiwa zilikuwa hazina msingi. Mimi nilizaa kwa operesheni mtoto wa kwanza kwaiyo nimeelewa, naacha.

Mleta uzi

Umefanya uamuzi wa busara dada. Mungu akufikishe salama.

JirekebisheAfya

Mkuu kuna la sukari hapo hujalisema. Mimi nafanya kazi wodini, tunawaambia sana kina mama wenye kisukari cha mimba wasichanganye mitishamba kienyeji na sindano za insulini.

Mleta uzi

Sahihi kabisa na asante kwa kuliweka. Mwaka 2016 iliripotiwa kwenye jarida la kitabibu kesi ya mjamzito mwenye kisukari cha mimba anayetumia insulini, akaanza chai ya jani la rasiberi, sukari ikawa inashuka mpaka ikabidi dozi ya insulini ipunguzwe. Ni kesi moja lakini mwenye kuchoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari aichukulie kwa uzito, awe mjamzito au asiwe.

Na la pili ambalo linafanana, madini ya chuma. Zile tanini nilizosema zinashikana na protini, zinashikana na chuma pia. Mama mwenye upungufu wa damu anameza vidonge vyake vya chuma na kushushia na chai ya rasiberi, chuma kingi kinapita hakifyonzwi. Hata chai ya kawaida iko hivyo hivyo. Tenganisha kwa masaa mawili hivi.

Mkorofi wa Hoja

Naomba kuuliza bila kupepesa, maana wengine sisi hatuna mimba. Linasaidia maumivu ya hedhi au la? Na hili la "kusafisha kizazi" linalopigiwa debe?

Mleta uzi

Kusafisha kizazi futa. Kizazi hakina uchafu wa kuoshwa na chai, kinajisafisha chenyewe kila mwezi, na hakuna jani linaloondoa uvimbe wa kizazi wala kuzibua mirija. Mtu mwenye maumivu makali kila mwezi, damu nyingi, anayetafuta mtoto na hapati, akipoteza mwaka mzima kwenye chai anapoteza muda wa matibabu, na mwenye kumshauri hivyo amemkosea.

Maumivu ya kawaida ya hedhi ni jambo jingine. Lile shirika la Ulaya linalitambua jani la rasiberi kama dawa ya jadi kwa mambo matatu: maumivu madogo ya hedhi, uvimbe mdogo wa mdomo na koo, na kuharisha kidogo. Muelewe maana ya hiyo "dawa ya jadi" wakuu. Wanachosema ni kwamba limetumika muda mrefu, angalau miaka 30, na kwa matumizi hayo halijaonekana kudhuru na inaingia akilini kwamba linaweza kusaidia. Hawasemi limethibitishwa kwa majaribio. Wenyewe wanasema liwe kwa watu wazima, kuanzia miaka 18. Kwaiyo dada mwenye tumbo la hedhi la kawaida ajaribu, chai ya moto siku mbili tatu za mwanzo, na chupa ya maji moto juu ya tumbo, akiona nafuu sawa, asipoona asilazimishe.

Kwa maoni yangu mimi, nguvu ya kweli ya hili jani iko kwenye koo na mdomo. Fizi zinazovuja damu kidogo, vidonda vidogo vya mdomoni, koo linalokwaruza. Hapo dawa inagusa palepale panapouma. Unatengeneza chai nzito, unaiacha ipoe iwe vuguvugu, unasukutua kwa utulivu na kutema, mara tatu nne kwa siku. Ni rahisi, ni salama kwa watu wazima wengi, na ukakasi ule unausikia ukifanya kazi. Ila fizi zikiendelea kuvuja damu wiki mbili hivi nenda kwa daktari wa meno, chai haing'oi ukoga uliogeuka jiwe.

Kuharisha nalo linasaidia kule kudogo kwa mtu mzima. Lakini kinachoua kwenye kuharisha ni kuishiwa maji, kwaiyo ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) ni ya kwanza, chai ni ya pili. Mtoto mdogo usimpe, mpeleke. Damu kwenye choo au homa, nenda hospitali.

Babu wa Mitishamba

Hapo kwenye koo nakazia. Ila mbona umeruka tunda? Kwa wenzetu wa baridi rasiberi ni tunda la mafua kabla ya kuwa jani la uzazi.

Mleta uzi

Shikamoo babu. Sijaruka, nilikuwa nalifikia.

Urusi, Ukraine, Poland na nchi jirani, mtu akishikwa na mafua kitu cha kwanza ni chai ya moto yenye jamu au sharubati ya rasiberi, au matunda makavu yaliyomiminiwa maji ya moto. Anakunywa kikombe kikubwa, anajifunika blanketi, anatoka jasho, asubuhi nguo anabadilisha. Matunda makavu kule yanauzwa mpaka famasi. Uingereza wao walikuwa na siki ya rasiberi, matunda yanalowekwa kwenye siki siku kadhaa, yanachujwa, inaongezwa sukari na kuchemshwa mpaka inakuwa nzito, kijiko kwenye maji ya moto kwa koo na kikohozi. Ile naiona ni dawa nzuri ya koo hata leo, kuna uchachu unaoleta mate, kuna utamu unaopaka koo, kuna umoto. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe kitu chochote mlichotia asali, hilo liwe kichwani siku zote.

Sasa watu wanasema tunda lina "aspirini ya asili". Ni kweli lina salisileti, ndugu yake aspirini. Lakini tupige hesabu. Kipimo kimoja kilichochapishwa 1985 kilikuta takriban miligramu 5 kwenye gramu 100 za rasiberi. Kidonge cha kawaida cha aspirini kina miligramu 300. Kwaiyo kufikia kidonge kimoja ungekula kama kilo 6 za matunda kwa mkao mmoja. Hakuna anayefanya hivyo. Nafuu ya ile chai inatokana zaidi na maji ya moto, sukari kwa mtu asiyeweza kula, mvuke kufungua pua, na kulala. Na kwa mgonjwa hiyo sio nafuu ndogo jamani, mtu wa homa akinywa vikombe vitatu vya kitu kitamu ambacho hakimtapishi amepata maji mwilini. Mwenye mzio wa aspirini ndo awe makini kidogo.

Kama chakula tunda ni zuri mno. Gramu 100 zina kama gramu 6.5 za nyuzinyuzi, hiyo ni nyingi sana kwa tunda, na vitamini C kama miligramu 26, kalori zenyewe 52 tu. Mwenye choo kigumu ale tunda, mwenye kuharisha anywe jani. Mmea mmoja unafanya kazi mbili zinazopingana na hiyo inanifurahisha kila nikiifikiria.

Mdadisi

Vipi kuhusu wachina? Nimeona wana rasiberi yao kwa ajili ya nguvu za kiume.

Mleta uzi

Wanayo ila sio hii. Ya kwao ni Rubus chingii, dawa inaitwa fupenzi, na wanachuma tunda likiwa BICHI, linapoanza kutoka kijani kwenda njano, wanalipitisha kwenye maji yanayochemka au mvuke kidogo halafu wanalianika likauke. Linakuwa gumu, kama kidude cha rangi ya kijani-njano au kahawia hafifu hivi. Kwenye tiba yao ni dawa ya kukaza na kuzuia, kwaiyo wanampa anayekojoa mara kwa mara usiku, kikojozi, anayemwaga mapema. Korea nao wana ya kwao, Rubus coreanus, wanatengeneza mvinyo na sifa ni hizohizo za wanaume. Uone jinsi wazo la ukakasi linavyojirudia, dunia mbili zisizojuana na zote zimeishika ladha hiyohiyo ya kukaza. Ila tunda bivu jekundu la dukani halina hiyo sifa hata kwenye vitabu vyao wenyewe, kwaiyo asikuuzie mtu sharubati akasema ni fupenzi.

Na mwanaume anayekojoa sana usiku hasa umri ukiwa umesogea akapime sukari na tezi dume kwanza.

Mdadisi

Na vidonge vya kupunguza tumbo vya rasiberi?

Mleta uzi

Hivyo vimenichosha. Kinachouzwa kinaitwa raspberry ketone, ni kile kitu kinacholipatia tunda harufu yake. Kilianza kupata jina baada ya utafiti wa Japani wa 2005 kwa PANYA, walilishwa kwa kiwango kikubwa mno ndani ya chakula chao, na mwaka 2012 televisheni ya Marekani ikakitangaza basi duniani kote kikalipuka. Kwenye kilo nzima ya matunda kuna miligramu 1 mpaka 4 tu za hicho kitu. Kidonge kimoja kina miligramu 100 na kuendelea. Yaani ungehitaji kilo 25 za matunda kwa uchache. Kwaiyo kilichomo ndani ya kidonge kimetengenezwa kiwandani, hakijaliona shamba la rasiberi, na kwa dozi hizo kwa binadamu hakuna ushahidi wa maana kwamba kinapunguza uzito. Umbile lake linakaribiana na vitu vinavyosisimua moyo, mwenye presha au mapigo yasiyotulia asiguse. Hiyo sio tiba ya asili, msiihesabu humu.

Kuhusu saratani pia nimalize kabisa kabla halijaulizwa. Chuo Kikuu cha Ohio State wamefanya kazi ya miaka mingi na rasiberi nyeusi zilizokaushwa kwa baridi, kwenye panya zilipunguza uvimbe wa umio (njia ya chakula) na utumbo mpana. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini mgonjwa wa saratani kuacha matibabu akale matunda, hapana, hapana kabisa.

Mkorofi wa Hoja

Umeandika vizuri, nakubali. Sasa toa maelekezo ya kuandaa, watu wanachemsha wanavyojua.

Mleta uzi

Majani yachumwe kabla mmea haujatoa maua, kwenye shina changa, asubuhi umande ukishakauka. Chagua yasiyo na madoa wala kutu ya fangasi, na usichume pembezoni mwa barabara wala kwenye shamba lililopigwa dawa. Yatandaze mstari mmoja kwenye kivuli penye hewa, sio juani, mpaka ukilikunja jani linakatika kwa sauti. Lililonyauka nusu usitumie wala usihifadhi, litaota ukungu. Kausha sawasawa, tia kwenye chupa yenye mfuniko, weka gizani. Likipoteza rangi na harufu badilisha.

Chai ya kunywa: kijiko kimoja cha chai kilichojaa majani makavu yaliyosagwa kwa mkono, maji yaliyochemka robo lita, funika, dakika kumi mpaka kumi na tano, chuja. Usilichemshe kwenye sufuria nusu saa, unapata uchungu na ukakasi ambao tumbo litaukataa, wengine wanapata kichefuchefu. Ladha inakaribia chai nyeusi isiyokolea, kiasi kwamba Wamarekani walipogomea chai ya Waingereza baada ya ile ya kumwagwa bandarini Boston 1773 majani ya rasiberi ni moja ya vitu walivyokunywa badala yake.

Ya kusukutua: vijiko viwili kwa robo lita hiyohiyo, iache mpaka ipoe. Hiyo ya kusukutua usiimeze.

Babu wa Mitishamba

Ongezea na lile la upinde, vijana wajue tiba za zamani hazikuwa za kunywa tu.

Mleta uzi

Eeh babu, hilo ni la ndugu yake blakiberi. Uingereza zamani mtoto mwenye kifaduro alikuwa anapitishwa chini ya shina la blakiberi lililojikunja likaota mizizi na ncha ya pili, likawa upinde. Anapitishwa mara kadhaa, ugonjwa unaaminika kubaki upande wa pili. Kwa mtoto anayekohoa mpaka anabadilika rangi usiku kucha, na wazazi hawana kitu kingine duniani cha kumfanyia, naelewa kabisa kwa nini walifanya. Sasa hivi kifaduro kina chanjo.

MamaKijacho

Swali la mwisho mleta uzi, nikishajifungua nikiwa nanyonyesha naweza kunywa? Nasikia yanaongeza maziwa.

Mleta uzi

Kuongeza maziwa hakuna ushahidi wa maana dada, na kwa kunyonyesha taarifa za usalama ni chache ndo maana Ulaya hawashauri. Kinachoongeza maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi na kushika ziwa vizuri, wewe kula, kunywa maji, kupumzika unapopata nafasi. Lakini matunda yenyewe kula bila wasiwasi, ni chakula kama matunda mengine, osha tu vizuri kwa maji safi kabla ya kula maana yana vijitundu vingi vinavyoshika uchafu, na uyale kabla hayajalala, rasiberi haikai.